Kushusha Injini ya Land Cruiser ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ya kushusha injini, yaani kuitoa, kuifungua na kuijenga upya (ovahoo), ni ya wenye Land Cruiser za zamani zinazozunguka Dar es Salaam na kwenda mashambani Mkuranga, Kisarawe na Rufiji, hasa zenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6 kwa mstari, cc 4,164, isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Ilianza kutoka mwaka 1990, na hardtop na pikapu nyingi unazoziona hapa nchini ndiyo iliyo chini ya boneti. Mwenye Defender au Patrol naye asome. Namba zitabadilika, kanuni ni ileile: injini hujengwa kwa kipimo. Fundi mwenye sikio zuri ni hazina, lakini sikio halipimi sehemu ya mia ya milimita.

Gari linatoa moshi na limekosa nguvu. Ndiyo injini imekufa?

Si lazima, na nakuomba usikubali injini ishushwe kwa sababu ya moshi peke yake. Moshi mweusi mara nyingi ni dizeli kuzidi hewa: chujio la hewa limeziba, noseli zinakojoa badala ya kunyunyiza, au pampu imechezewa. Moshi mweupe wa asubuhi unaokatika gari likipata moto ni dizeli isiyoungua; angalia plagi za moto na taimingi ya pampu. Mweupe usiokatika, huku maji yanapungua kwenye rejeta, hapo fikiria gasketi ya hedi au silinda hedi yenyewe, kile kifuniko cha chuma kinachofunika silinda kwa juu. Wa bluu ni oili.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Injini nzima hutoa mvuke kidogo. Iliyochoka inapumua: moshi unatoka kwa mapigo na kifuniko kinarukaruka. Kipimo cha pili ni kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, nacho kinataka geji ya dizeli inayosoma zaidi ya psi 600; ile ya petroli haiwezi. 1HZ yenye afya huvuka psi 400 kila silinda. Ila kuliko namba moja moja, tazama tofauti. Silinda tano zikikaribiana na moja ikawa chini sana, ugonjwa uko mahali pamoja, pengine ni vali tu. Zote sita zikiwa chini, ndipo tuzungumze kushusha.

Kuna pikapu ililetwa kwenye gereji yetu Tabata ikiwa imeshahukumiwa. Mwenyewe alikuwa tayari ametanguliza hela ya pistoni. Tulipofungua boksi la chujio la hewa tukakuta panya amejenga kiota cha sufi na majani makavu, kimejaa nusu ya boksi. Chujio jipya likafungwa, noseli zikapimwa, na gari likaondoka na injini yake ileile.

Kwa nini nisifunge ringi za pistoni na beringi mpya tu nikaendelea na kazi?

Hili naulizwa kuliko maswali yote, na ninaelewa sababu: gari ndilo linaloleta ugali nyumbani, kila siku linapolala gereji ni hasara. Lakini fanya hivi. Hedi ikishatolewa, ingiza kidole ndani ya silinda na ukipandishe taratibu kuelekea juu. Karibu na mdomo utagusa ngazi ndogo, kama ukingo wa bakuli. Hapo ndipo ringi ya juu inapogeukia: juu ya ngazi chuma hakijawahi kusuguliwa, chini yake kimeliwa. Tena hakiliki sawasawa pande zote. Pistoni husukuma zaidi upande mmoja, hivyo tundu linapata umbo la yai na linakuwa pana zaidi juu kuliko chini.

Ringi mpya ni duara. Ukiitia kwenye tundu la yai inagusa pande mbili, oili inapita kwingine, na ringi ya juu inaweza kugonga ngazi ikavunjika. Gari litatoka gereji likiwa safi, wiki chache baadaye linaanza kula oili tena, na wewe utakuwa umelipia gasketi, oili na ufundi mara mbili.

Vipimo vikionyesha tundu bado limo ndani ya kiwango cha kitabu cha gari, basi ringi mpya na kukwangua ung'avu wa kioo ulioota kwenye ukuta wa silinda vinatosha, na hapo nitakuambia mwenyewe uokoe hela yako. Vikizidi, toboa, yaani tundu la silinda lipanuliwe kwa mashine. Tundu la 1HZ ni mm 94 na mwendo wa pistoni ni mm 100. Ukitumia pistoni za 0.50, yaani zilizozidi za kiwandani kwa nusu milimita, tundu linakuwa mm 94.5. Wapo wanaoamini kutoboa kunaongeza nguvu. Piga hesabu: cc zinapanda kutoka 4,164 hadi 4,208 hivi, yaani cc 44 tu kwenye silinda sita. Hizo mguu hauzisikii. Utakachosikia ni nguvu iliyokuwa imepotea ikirudi.

Nitajuaje kama karakana ya kuchonga imefanya kazi sawasawa?

Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Tundu huchongwa kuifuata pistoni iliyo mkononi, kwa nafasi anayoitaja mtengenezaji wa pistoni. Ukitoboa kwanza halafu uende Kariakoo kutafuta pistoni, umebahatisha.

Omba karatasi ya vipimo. Kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Kwa silinda sita ni vipimo 36, na karakana ya maana haichoki kuviandika. Kisha mulika tochi ndani. Unatakiwa uone mistari iliyopishana kama mkeka, sawasawa toka juu hadi chini. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Ukuta unaong'aa kama kioo haushiki kitu.

Halafu kuna kuosha, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Unga wa jiwe la kukwangulia hujificha ndani ya mistari ile. Petroli au dizeli haiutoi, inauhamisha tu. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka kijivu, rudia. Siku moja tuliosha bloku mara tano kabla kitambaa hakijatoka cheupe. Ukimaliza, kausha na upake oili papo hapo, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Ukienda kunywa chai kwanza utarudi ukute silinda zimevaa kutu ya rangi ya chungwa.

Krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo isichongwe kwa mazoea. Tukishusha injini, beringi za zamani tunazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio zilivyotoka, namba 1 hadi ya mwisho, na mwenye gari tunamwita aje aone. Iliyoliwa hadi rangi ya shaba imetokeza inasimulia: oili ilikaa sana, au ilipungua. Iliyoliwa upande mmoja inasema koni rodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, imepinda. Iliyojaa michirizi imepitisha mchanga. Baada ya hapo maikromita ndiyo inayoamua kama shafti inabaki ilivyo, au inachongwa 0.25 au 0.50. Na kama imechongwa, matundu ya oili yasafishwe hadi mwisho, waya upite.

Silinda hedi ikichongwa uso tu haitoshi?

Haitoshi, na hili nimelilipia. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipokea hedi ya 1HZ kutoka kuchongwa uso, ikang'aa vizuri, nikaifunga bila kuipima presha. Gari likaenda salama hapa mjini. Wiki tatu baadaye mwenyewe akapiga simu akiwa kwenye mlima wa Kitonga, anapanda kwenda Iringa na mzigo: maji yote yametoka. Hedi ilikuwa na ufa kati ya vali, mwembamba kama unywele, unaofunguka chuma kikipata moto. Nilienda kulivuta gari kwa gharama yangu na nikarudia kazi yote kwa mzee yule bila kumtoza hata shilingi. Tangu siku hiyo hakuna hedi inayofungwa kwetu bila kupimwa presha ikiwa imepashwa moto.

Hedi ya 1HZ ni ya chuma cha kuyeyushwa, na nyufa kati ya vali na karibu na vyumba vidogo vya kuchomea dizeli ni ugonjwa wake unaojulikana. Kuchomelea chuma cha aina hiyo kunahitaji kukipasha moto chote na kukipoza polepole, kazi isiyofanyika kwa mashine ya kuchomelea mageti. Ikipasuka hadi kwenye njia ya maji, ushauri wangu ni kutafuta nyingine.

Na usinunue gasketi ya hedi mapema. Zipo za unene tofauti, na inayofaa huchaguliwa baada ya kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Boliti za hedi zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje.

Nimefanya ovahoo, bado inachemsha. Nimeibiwa?

Mara nyingi hapana. Injini imepona, ila kilichoiua bado kiko pale mbele. Ovahoo bila kushughulikia upande wa maji ni kumtibu mtu malaria na kumrudisha kwenye kitanda kisicho na chandarua.

Anza na maji yenyewe. Sehemu nyingi za jiji tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Chumvi hiyo inakula pampu ya maji, inaziba mirija ya rejeta na kuacha gamba ndani ya bloku, hasa nyuma kwenye silinda ya 5 na ya 6 ambako tope hutulia. Bloku ikiwa wazi, toa vifuniko vya njia za maji na ukwangue tope lote. Rejeta ifunguliwe na kupitishwa waya, isisukumwe maji tu. Ukishafunga, tia kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi.

Kisha themostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Imekuwa desturi kuitoa, kwa kuwa "Dar ni joto". Nakusihi uirudishe. Themostati ya injini hii ina sahani ya pili kwa chini, ambayo injini ikipata moto huziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umeitoa ili ipoe, kumbe umeinyima rejeta maji. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone kama inafunguka kwenye nyuzi zilizogongwa mhuri juu yake.

Mengine ni madogo yenye madhara makubwa: kifuniko cha rejeta kilichoishiwa springi, kaplingi ya feni iliyovuja mafuta yake ikawa inazunguka ovyo, na kava la plastiki la feni lililovunjika likatupwa. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Kwenye foleni ya Mbagala saa 11 jioni, utaona tofauti.

Spea nipate wapi, na feki nizitambue vipi?

Kariakoo, Gerezani na Shauri Moyo utapata karibu kila kitu, halisi na feki kwenye mtaa mmoja, wakati mwingine duka moja. Nenda na kifaa cha zamani kwenye mfuko na kalipa ya kupimia mfukoni. Boksi lisikudanganye, kwa sababu boksi ndilo rahisi kuiga.

Pistoni zipime uzito moja baada ya nyingine kwenye mizani ya dijitali. Seti nzuri hupishana gramu chache mno. Ringi iingize peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Mwanya ukiwa mdogo ncha zitakutana zikipata moto na ringi itakwaruza ukuta. Kwenye beringi, gasketi ya hedi, belti ya taimingi na pampu ya oili, usibanie hela. Kwingine unaweza kubana kidogo, hapo hapana. Belti ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa ovahoo funga mpya pamoja na tensha yake hata kama ya zamani inaonekana nzuri.

Si afadhali ninunue injini ya mtumba?

Inaweza kuwa afadhali kama bloku lako limetoboka au krankishafti imekatika. Lakini injini iliyotoka Japani au Dubai ni mgeni usiyemjua. Dai ipimwe kompresheni kabla hujalipa, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) uangalie beringi mbili tatu, na uiandikishie dhamana. Bloku lako mwenyewe, kama halijapasuka, unajua historia yake.

Ukibadilisha injini, namba yake haitalingana na iliyo kwenye kadi ya gari. Peleka taarifa TRA kadi irekebishwe, ukiwa na risiti ya mahali uliponunua. Fanya mapema, kabla hujataka kuuza gari au hujasimamishwa barabarani.

Nikifunga turbo kwenye 1HZ itavumilia?

Itavumilia kidogo, ikiandaliwa. 1HZ inatoa kama nguvu farasi 130 na Nm 285, na kwa gari linalokaribia au kuzidi tani 2 kabla ya mzigo, ninaelewa kiu ya mtu anayepanda mlima gia ya pili. Lakini Toyota haikuijenga kwa turbo. Dizeli inaungulia kwanza kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, joto linakusanyika palepale ambako hedi ina tabia ya kupasuka, na pistoni zake hazikuandaliwa kwa moto wa turbo kama za ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo na kuchoma dizeli moja kwa moja juu ya pistoni.

Kwa hiyo turbo juu ya injini iliyochoka ni kuimalizia. Juu ya injini iliyojengwa upya, naikubali kwa masharti. Presha isizidi psi 7 hadi 10. Bomba la ekzosti liwe pana, inchi 3, moshi utoke bila kubanwa. Geji ya joto la moshi ifungwe kabla ya turbo, mbele ya macho ya dereva, na mlimani ikikaribia nyuzi 700 mguu utoke kwenye mafuta. Pampu ifunguliwe dizeli kwa kutazama geji hiyo, kidogo kidogo. Anayefungua pampu mpaka gari litoe moshi mweusi kisha akakuambia "sasa lina nguvu" anakuunguzia pistoni.

Wengi wanaokuja wakitaka turbo hurudi wameridhika bila turbo, baada ya kompresheni kurudi, noseli kupimwa, pampu kufanyiwa sevisi, vali kurekebishwa na breki zilizokuwa zinakamata kuachia. Jaribu hilo kwanza. Kama bado, na mfuko unaruhusu, fikiria kufunga 1HD-T nzima. Ukiipata, badilisha beringi za koni rodi kabla hujaiwasha. Matoleo yake ya awali yanafahamika kwa kuzila.

Gari lilizimika kwenye maji ya bonde la Jangwani wakati wa mvua. Nijaribu kuliwasha?

Usiguse ufunguo. Maji hayabanwi. Yakiwa juu ya pistoni na stata ikizungusha, kinachopinda ni koni rodi. Livute, toa plagi za moto zote sita au noseli, kisha zungusha injini kwa mkono hadi maji yaishe. Angalia na oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage. Hata kama itawaka vizuri, koni rodi iliyopinda kidogo huja kukatika miezi baadaye, kwa hiyo pima kompresheni; silinda iliyoshuka peke yake ndiyo ya kutilia shaka.

Muda na gharama vikoje?

Makadirio ya kweli yanapatikana injini ikiwa imefunguliwa na kupimwa. Lipia kwanza kufungua na kupima, pata orodha iliyoandikwa, ndipo ukubali kazi nzima, na uweke akiba pembeni walau robo ya bajeti kwa kitakachojitokeza. Muda mwingi hupotea karakana ya kuchonga na kusubiri spea. Fundi akikuahidi siku tatu, muulize bloku litaoshwa saa ngapi.

Injini mpya niizoeshe vipi?

Kabla ya kuiwasha, zungusha kwa stata huku dizeli imekatwa hadi taa ya oili izime. Ikiwaka, usiiache ikinguruma bure nusu saa kama wengi wanavyofanya. Ringi hukaa kwa mzigo, siyo kwa kubembelezwa. Ikinguruma bila mzigo, silinda inapata kioo na oili italiwa maisha yake yote.

Sisi tunatoka alfajiri kabla ya foleni, tunashika Barabara ya Morogoro kupita Kibaha na Mlandizi mpaka Chalinze, kama kilomita 100. Gari halina mzigo mkubwa. Tunaongeza mwendo kwa nguvu ya wastani, tunaachia mafuta lijizuie lenyewe, tunaongeza tena, bila kukaa kwenye mwendo mmoja. Chalinze tunafungua boneti, tunakagua uvujaji, tunapima maji na oili, tunarudi. Tumia oili ya kawaida ya dizeli, isiyo ya sinthetiki, karibu lita 10. Imwage baada ya kilomita 500 pamoja na chujio, ukate chujio hilo na kulikunjua: vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande vya rangi ya shaba si kawaida, zima gari na urudi kwa fundi.

Dizeli nayo jaza kwenye kituo unachokiamini. Pampu ya injini hii hulainishwa na dizeli yenyewe, na iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni nyepesi mno, inaisaga taratibu.

Kilomita 1,000 zikifika, rudi gereji asubuhi injini ikiwa baridi. Vali zipimwe upya, mikanda ikazwe, klampu za mipira ya maji zikaguliwe, oili ibadilishwe tena, na kompresheni ipimwe silinda zote sita. Andika namba hizo sita kwenye karatasi na uitunze kwenye dashibodi. Mwakani fundi akikuambia injini imechoka, itoe karatasi hiyo na umwambie apime tena.